Majani ya Felista

Kama kuna mtu upande wa Lufingo aliyewahi kumwona Tusekile akitembea polepole kabla hajaugua, basi ajitokeze, maana mpaka leo hajapatikana. Mwanamke yule hakutembea, aliwahi. Aliwahi shambani, aliwahi kanisani, aliwahi kukasirika kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Mume wake alipofariki, watu walidhani atapoa. Wakakuta amezidi, kwa sababu sasa alikuwa anagomba kwa niaba ya wawili. Ukimkosea alikuambia papo hapo, mbele za watu, na akishakuambia alikukaribisha chai. Majirani walimpenda hivyo hivyo.

Alikuwa na migomba, kipande cha chai na maharage ya kula, lakini sifa yake ilitokana na ng'ombe. Ng'ombe wake wawili wa maziwa walilala pakavu kuliko baadhi ya Wakristo. Huku mvua haina likizo. Inanyesha msimu wake na msimu usio wake, na mwanamke ambaye ng'ombe wake analala kwenye tope anasemwa kisimani mpaka akome. Kwa hiyo Tusekile alikusanya majani makavu ya migomba kila lilipotokea jua, hata la saa moja, akayarundika kwenye chumba kilichopakana na chumba chake cha kulala, maana paa la banda lilivuja. Rundo lilifika darini. Ukipenyeza mkono katikati ulikuta joto, na ukilichambua lilitoa vumbi jeupe lenye uvundo, likakaa hewani mpaka ukapiga chafya. Alilichambua asubuhi na jioni, mlango ameurudisha ili upepo usimharibie kazi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu wanawake wengi wa pale walifanya vile vile.

Kikohozi kilimwanza mwaka aliotimiza hamsini na nne. Kilikuwa kikavu, hakina cha kutema. Jioni mwili ulimchemka, akatetemeka, asubuhi akaamka mzima. Kisha ikafuata pumzi. Ule mlima wa kutoka kisimani, ambao siku zote aliupanda na ndoo kichwani huku akibishana na mtu, ukaanza kumsimamisha mara moja, baadaye mara tatu. Akisimama alijifanya anakagua migomba ya watu.

Zahanati ya kijiji ilikuwa na tabibu mmoja, Nelson, kijana wa kuletwa, mstaarabu, mwandiko wake mzuri. Tusekile hakuwahi kumlaumu kwa tabia. Alimlaumu kwa ile meza. Nelson alikaa upande wake, mgonjwa akakaa upande wake, na siku zote za ugonjwa ule kijana hakuinuka kuja upande wa pili.

"Unakohoa tangu lini, mama?"

"Wiki ya sita hii."

"Unapungua uzito?"

"Kidogo."

"Usiku unatoka jasho?"

"Homa ikinipata, natoka."

Makohozi yenyewe yalikuwa shida kutoka. Alijikamua mpaka machozi yakamtoka, yakapimwa, yakakutwa hayana kitu. Akapelekwa kupiga picha ya kifua, ikarudi na karatasi inayosema mapafu yana kivuli pande zote mbili. Nelson alisoma neno kivuli, akaandika kifua kikuu, akageukia mgonjwa mwingine. Kumwuliza huyu mama anashinda wapi, anashika nini, anavuta hewa ya namna gani, hilo halikuwa na nafasi yake kwenye fomu.

Akameza vidonge miezi sita. Mkojo ukawa mwekundu, tumbo likamsokota, na kikombe chake kikatengwa kila nyumba aliyoingia. Kanisani benchi lake likapata nafasi ya kukaa watu watatu. Yeye aliyezoea kuwaambia watu ukweli usoni sasa alikuwa anaambiwa kwa visogo, na hilo lilimuuma kuliko kifua. Mtu mmoja tu aliendelea kukaa naye bega kwa bega na kunywa alipokunywa yeye. Ndiye wifi yake Felista.

Felista alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Aliolewa Mpuguso akakaa miaka mingi, hakupata mtoto, mwishowe akarudishwa kwao na sanduku moja. Kaka yake, wakati huo yu hai, alimpa kinyumba nyuma ya migomba na mistari kadhaa ya chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache akikaa karibu na Tusekile anaonekana bubu kabisa.

Ugonjwa ulipomzidi Tusekile, akina mama wa jumuiya walifanya kama ilivyo desturi. Mtu akilala kitandani, ng'ombe wake hawalali njaa wala kwenye tope. Wakapanga zamu ya kuleta majani, kila mmoja mzigo wake, na kila aliyekuja alitaka wake uonekane mkubwa kuliko wa jana. Wakajaza chumba mpaka mlango ukagoma kufungwa. Baada ya miezi miwili zamu ikalegea, kila mtu ana yake. Felista hakulegea. Kila siku alikuja na mzigo, akauchambua mlemle chumbani, akatandika banda, akakamua na kuondoka.

Katikati ya dozi ile ya kwanza, Lightness, binti wa Tusekile anayefundisha shule ya msingi Mbeya mjini, alijifungua. Mama akaenda kumlea mzazi, akakaa wiki sita. Wiki ya tatu kikohozi kimeisha. Wiki ya tano anapanda ngazi na mjukuu mgongoni na bado ana pumzi ya kumkaripia mkwewe. Nelson akasema dawa imeshika. Kijiji kikasema dawa imeshika. Tusekile naye akasema hivyo, akarudi nyumbani kifua mbele, akafungua chumba cha majani na kuanza kazi. Wiki mbili hazikuisha, anakohoa.

"Umeruka dozi, mama," Nelson alimwambia.

"Nimeruka nini?"

"Kuna siku hukumeza. Ndiyo maana imerudi."

Tusekile alifungua kitenge akamwaga mezani maganda yote ya vidonge, matupu, aliyokuwa ameyatunza kama vyeti. "Nionyeshe niliyoruka," alisema. Nelson akamwandikia dozi upya, tangu mwanzo. Mambo yakajirudia yale yale, pamoja na safari nyingine ya Mbeya, nafuu nyingine, na anguko jingine baada ya kurudi.

Hapo ndipo alipoingia Amoni. Amoni ni mdogo wa marehemu, mwenye shamba linalopakana na ile mistari ya chai ya Felista, na mtu yeyote mwenye macho aliona jinsi alivyokuwa akiitazama chai ile. Alikuja siku moja kumjulia hali mgonjwa, akavua kofia.

"Shemeji, mimi nimekaa nikatafakari. Ukiwa Mbeya unapona. Ukirudi hapa unaumwa. Sasa hapa nyumbani kuna nini?"

Inaudhi kusema, lakini hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote ambayo Tusekile aliulizwa katika miaka mitatu. Tatizo ni kwamba Amoni alikuja na jibu lake mfukoni.

"Kuna mkono wa mtu," akaendelea. "Mtu asiye na wa kwake. Mtu anayeingia humu ndani kila siku na mzigo, na hatujui ndani ya mzigo kuna nini."

Tusekile alimfukuza. Alimwambia aondoke na uchawi wake na tamaa yake ya chai, akamtupia na kofia yake. Lakini maneno yakishaingia kwenye nyumba ya mgonjwa huwa hayatoki upesi. Ulipofika mwaka wa tatu alishindwa hata kutoka kitandani mpaka chooni bila kushika ukuta. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa na bado anakufa, na hasira yake ilikuwa imekosa wa kumshukia. Asubuhi moja Felista akaingia na mzigo kichwani kama kawaida, na watu wawili watatu wanapita njiani.

"Wifi," Tusekile alisema kutoka mlangoni, kwa sauti, "tangu uanze kuniletea majani yako sijapona. Unaniwekea nini humo?"

Felista aliutua mzigo. Kisha akauingiza chumbani, akauchambua wote, akatandika banda na kuondoka bila kuaga. Kesho yake akaja tena na mzigo mwingine. Hakusalimia, lakini alikuja.

Lightness alipopata habari hizo hakusubiri likizo. Alimchukua mama yake akampangishia kitanda kwa rafiki yake anayekaa mtaa wa Bulyaga, na asubuhi wakaenda hospitali mjini Tukuyu. Walimkuta Daktari Jenifer, mwanamke wa Kagera, mfupi, mwenye haraka ya miguu na subira ya masikio. Hakukaa. Alimwambia Tusekile ageuke, akampandisha blauzi, akaweka kipimo cha masikioni chini kabisa ya mbavu. Alisikiliza pale, akapanda kidogo, akarudi chini, kulia na kushoto. Kisha akakivua masikioni mwake akakivika kwenye masikio ya mgonjwa.

"Vuta pumzi ndefu, mama, ujisikilize."

Tusekile akavuta. Mwishoni mwa pumzi ulikuja mchakacho mdogo mdogo, kama chumvi ya mawe ikitupwa motoni. Katikati yake kulikuwa na mlio mfupi mwembamba, kama wa bawaba ya mlango.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Nani mwingine alishawahi kukusikiliza mgongoni?"

"Hakuna."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu, daktari."

Tusekile alishawahi kukasirika maishani, lakini zile zote zilikuwa hasira za jikoni. Hii ya sasa ilimkaza taya. Mlio ule ulikuwepo, unalia kila alipovuta pumzi, tena pale pale mgongoni, na kwa miaka mitatu hakuna aliyejisumbua kuusikia. Alitaka kupiga kelele, ila pumzi ya kupigia kelele ndiyo hiyo hana.

Daktari akamkagua ncha za vidole, akazibonyeza kucha, akazitazama kwa ubavu kama zimevimba. Akambana kidole na kifaa cha kupima oksijeni ya damu, chenye namba nyekundu, wakatembea pamoja kwenye veranda, kwenda na kurudi. Walipoanza namba ilisoma tisini na nne. Walipomaliza ilikuwa imeshuka mpaka themanini na tatu, na midomo ya Tusekile imebadilika rangi. Wakakaa. Ndipo yakaja maswali, na safari hii hayakuwa ya fomu.

"Viungo vinakuuma asubuhi? Vidole vinageuka rangi kwenye baridi?"

"Hapana."

"Umewahi kupasua kokoto, kufanya kazi machimboni?"

"Mimi ni mkulima."

"Njiwa unafuga? Kuku wanalala ndani?"

"Kuku watano, wana kibanda chao."

"Kuna wakati unapata nafuu bila kubadilisha dawa?"

Lightness akamjibia. "Akiwa kwangu Mbeya. Akirudi nyumbani, wiki mbili tu."

Daktari aliacha kuandika. "Mama, hapo nyumbani kwako kuna nini ambacho Mbeya hakipo?"

Tusekile aliinuka kwenye kiti. "Na wewe daktari ni mmoja wao? Nimetoka huko kuwakimbia, nawakuta hospitali?"

"Kaa, mama. Siulizi habari za watu. Nauliza kazi. Ukiamka unashika nini, unaingia wapi, unatoka saa ngapi."

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, aliposimulia habari za majani. Alisimulia chumba, rundo, joto la ndani, vumbi jeupe, mlango uliorudishwa. Daktari hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza aliandikiwa barua ya kwenda Mbeya kupigwa CT scan, na baada ya siku tano wakarudi na bahasha kubwa. Daktari akazibandika picha kwenye ubao wa taa, akamwita mgonjwa asogee aone mwenyewe.

"Hapa mapafu yako yamekatwa kama mkate, kipande kwa kipande. Nianze na ugonjwa ninaouogopa. Upo ugonjwa wa makovu ambao hatujui unatoka wapi. Huo huanzia chini kabisa na pembezoni, hulitoboa pafu likawa kama sega la nyuki, na mara nyingi ncha za vidole huvimba. Ungekuwa nao, ningekuwa na dawa za kuuchelewesha tu, na hata hizo kuzipata ni shughuli."

Tusekile alijikuta ameficha vidole kwenye kitenge.

"Angalia huku chini. Sega hakuna. Huku chini kabisa ndiko kuna nafuu kuliko kwingine. Vumbi la mawe lingeacha punje punje hapa juu, na hazipo. TB ingechimba shimo au ingeacha kovu pale ilipokaa. Hapa shimo hakuna, na pande zote mbili zinafanana. Sasa tazama hiki kilichopo. Huu weupe ni kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndani ya weupe kuna mabaka meusi. Picha hii ulivuta pumzi, hii nyingine ulitoa. Umetoa pumzi lakini mabaka yamebaki meusi vile vile, maana hewa imenaswa humo. Njia ndogo zimevimba. Ndizo zinazolia ule mlio."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Ni kuvu iliyo kwenye majani. Majani yanarundikwa yakiwa na unyevu, yanapata joto, yanaota kuvu, nawe unalivuta lile vumbi kila siku. Mwili wako unalikataa, na ugomvi wenyewe unafanyika humu kifuani. Ukienda Mbeya ugomvi unatulia. Picha peke yake isingeniambia, wala kusikiliza peke yake. Ni vyote pamoja na hayo majani uliyonisimulia."

"Nitapona?"

Daktari Jenifer aliweka kidole kwenye picha. "Weupe huu nategemea utapungua, ukiyaacha kabisa majani na ukimeza vidonge nitakavyokupa. Ila unaziona hizi nyuzi? Hizi ni makovu. Hazitarudi kuwa pafu. Ukiendelea kukaa na majani zitaongezeka, na mwisho wake ni lile sega nililokuonyesha halipo."

"Zilianza lini?"

"Siwezi kukuambia kwa hakika. Mwaka wa kwanza huenda hazikuwepo."

Tusekile aliitazama picha ile mpaka macho yakamuuma. Mwaka wa kwanza ndio aliomeza vidonge vyekundu na kutengewa kikombe. Mwaka wa pili ndio alioambiwa ameruka dozi. Wakati anamwaga maganda ya vidonge mezani, kumbe pafu lilikuwa bado linasameheka. Walimwibia kipande cha pumzi yake na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ameiba. Alilia kwa hasira, waziwazi, na daktari hakumwambia anyamaze.

Lightness, mtoto mwema lakini mwepesi wa simu, alitoka nje akampigia baba yake mdogo. "Tumejua, baba mdogo. Daktari amesema ni majani." Akakata, salio limekwisha, na maneno ya kuvu na vumbi yakabaki Tukuyu.

Amoni hakuhitaji zaidi ya hapo. Kesho yake Tusekile aliposhuka kwenye bodaboda alikuta watu wamejaa uwanjani kwa Amoni, wazee wa ukoo kwenye viti, na Felista amekaa chini peke yake, miguu ameinyoosha mbele, anatazama nyasi.

"Shemeji, pole na safari," Amoni alisema, amesimama. "Tulisema, tukaitwa washenzi. Sasa hospitali yenyewe imekiri, tena kwa mashine. Majani! Majani ya nani? Tumekubaliana dada arudi alikotoka, na ile chai ibaki kwenye ukoo."

Ni mahali gani pengine duniani picha ya mapafu ingetoka hospitali ikafika nyumbani imekuwa ramli? Tusekile alisimama katikati yao, ameshika bahasha, akasubiri pumzi. Walidhani amekosa la kusema.

"Majani," alianza, akapumzika. "Majani ni yangu. Chumba ni changu. Nilianza kuyarundika mume wangu yu hai, kabla huyu hajarudi kutoka Mpuguso. Ni kuvu, wajinga ninyi. Kuvu! Ile ile inayoota kwenye mahindi yenu mkiyavuna na mvua. Haijui dada wala shemeji. Wake zenu wote mnawapa waivute, na wote walikuja kunijazia chumba. Mbona hamjawaita hapa?"

Akina mama waliokuwa wamesimama pembeni walitazamana. Amoni akakohoa kidogo, kikohozi cha kutafuta maneno.

"Lakini shemeji, hata wewe ulisema. Ulimwambia mwenyewe mlangoni, watu wakasikia, kwamba tangu akuletee majani hujapona."

Hilo lilikuwa kweli, na hapo hasira ya Tusekile ikageuka ikamkuta mwenyewe. Alikuwa ameikusanyia watu wengi: Nelson, Amoni, wale wa kanisani. Kumbe alikuwamo na yeye. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Nilisema," alijibu. "Nilisema mbele za watu, na mbele za watu nasema nilikosa. Wifi, nilikukosea. Nilitafuta wa kumchukia nikakuchagua wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Nisamehe."

Felista aliinua uso. "Ndaga, wifi," alisema kwa kilugha chao, asante, na alitaka kuongeza neno, lakini neno halikutoka. Kilitoka kikohozi. Kikavu, kifupi, kikarudi mara ya pili na ya tatu, mpaka akaegemea kiganja. Wengine walisubiri amalize. Tusekile peke yake ndiye aliyekijua, akakaa palepale chini, ubavuni kwake.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipovuna mahindi."

"Na pumzi?"

"Mlimani tu," Felista alisema. "Nikisimama inatulia."

"Umekwenda zahanati?"

"Juzi. Wameniambia nipeleke makohozi."

Tusekile hakuwaaga wazee wale. Jioni ile ile akina mama walitoa majani yote chumbani, nyuso wamezifunga vitenge, wakayamwaga shimoni mbali na nyumba wakati mvua inanyesha, na wengine wakaenda kutoa ya kwao. Ng'ombe walilala kwenye tope usiku ule. Tusekile aliwaona asubuhi, wamechafuka mpaka ubavuni, akawapita. Alimshika Felista mkono wakashuka zahanati, wakisimama kila baada ya hatua ishirini, mara kwa ajili ya huyu, mara kwa ajili ya yule.

Nelson alikuwa na fomu mbele yake tayari. "Makohozi umeleta, bibi?"

"Hajaleta," Tusekile alisema, akaiweka bahasha ya picha juu ya fomu. Ilikuwa kubwa kuliko meza. "Kwanza soma barua ya daktari iliyomo humo."

Nelson alisoma. Alisoma mara mbili, na mara ya pili midomo yake ilikuwa inatembea.

"Mama, mimi... mwongozo unasema kikohozi cha wiki mbili—"

"Najua unavyosema. Umenisomea miaka mitatu. Sasa inuka uje umsikilize mgongoni, chini ya mbavu. Mwambie avute pumzi mpaka mwisho."

Alikuja. Felista alijifungua kitenge kwa aibu, akainama, akavuta pumzi ndefu. Tusekile hakuhitaji kipimo, alimtazama kijana usoni tu, na aliona wazi pale alipousikia. Nelson alirudia upande wa pili. Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haya," Tusekile alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini hasira ilikuwa bado nzima. "Muulize. Lile swali ambalo mimi hukuniuliza."

Nelson alichuchumaa mbele ya mgonjwa. "Bibi," alisema, "wewe kila siku unafanya kazi gani?"

Felista alishangaa kuulizwa. Alijifunga kitenge vizuri kwanza, akamtazama wifi yake, akajibu.

"Namtunzia wifi yangu ng'ombe. Mwaka wa tatu huu. Yeye anaumwa."